Fadrein: Neno la Kigothi na Suala la Upatanisho

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wazazi wa kipofu wanaitwa kuhojiwa. Tafsiri ya Kigothi, kazi inayohusishwa na Askofu Wulfila wa karne ya 4, inawataja kwa maneno mawili: þai fadrein. (Herufi þ hutamkwa kama th ya thamani.) Maneno hayo hayapatani kwa umbo. Þai ni kibainishi cha wingi, cha jinsia ya kiume. Fadrein ni nomino ya umoja, tena ya jinsia isiyo ya kiume wala ya kike.

Asili yake haina utata. Neno hili limenyambuliwa kutokana na fadar, yaani baba, ndugu wa pater la Kilatini na pitar la Kisanskriti. Katika Waefeso 3:15 linatafsiri neno la Kigiriki lenye maana ya ukoo. La ajabu ni kwamba fadar lenyewe limesalia mara moja tu, katika Wagalatia 4:6. Kwingineko baba ni atta, neno la vinywa vya watoto, ambalo wataalamu wengi huliona pia ndani ya jina Attila na kulifasiri "baba mdogo" (Mswahili asidhani kwamba anatajiwa ami). Hivyo mzizi wa kale, uliokwisha kupungua katika kumtaja baba, ulidumu katika kuutaja ukoo, kisha wazazi, mama akiwamo.

Je, þai fadrein ni kosa la mnakili? Haielekei, kwa maana linajirudia katika sura hiyohiyo. Wala si kuiga Kigiriki tu. Ni kweli kwamba Kigiriki kina kibainishi cha wingi hapo, lakini nomino yake nayo ni ya wingi. Mwenye kuiga angeweza kuchukua wingi fadreina, uliomo katika 2 Wakorintho 12:14, au berusjos, neno litokanalo na kitenzi cha kuzaa kama lilivyo wazazi. Umoja ule, basi, ni wa Kigothi chenyewe.

Kwa msomaji wa Kiswahili ushahidi umo katika kisa chenyewe. Kipofu lina umbo la KI-, lakini hakuna asemaye "kipofu kile kimeona". Husemwa "kipofu yule ameona". Umbo la nomino hubaki lilivyo, na upatanisho hufuata uhai wa mtajwa. Tofauti ni kwamba Kiswahili hakivuki idadi: wakiwa wengi ni vipofu. Kigothi kilivuka jinsia na idadi kwa pamoja.