Kelele za Mlango

Wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Mlango unaolia kila siku husahaulika. Sikio huuzoea, kisha huacha kuusikia. Mimi huisikiliza na kuiandika neno kwa neno mazungumzo ya wazee yaliyorekodiwa kusini mwa Tanzania, na hedifoni ninazotumia, za bei nafuu zenye uwezo wa kuzima kelele, hufanya kwa umeme kile ambacho mwenye nyumba hufanya kwa mazoea.

Ufundi wake ni rahisi kuueleza. Sauti ni mawimbi ya hewa. Maikrofoni ndogo iliyo kwenye hedifoni hunasa wimbi linalokuja, saketi hutengeneza wimbi la kinyume, penye mlima ikaweka bonde, kisha spika hulipeleka sikioni. Mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana. Fikra hii aliiandika mwanafizikia Mjerumani, Paul Lueg, aliyepewa hataza ya Marekani mwaka 1936. Elektroniki za enzi zake hazikuweza kuitekeleza vizuri, ikabaki kwenye makaratasi.

Mwaka 1978, Amar Bose, profesa wa MIT na mtoto wa mhamiaji Mbengali, alikuwa angani akitoka Zurich kwenda Boston. Alivaa hedifoni walizogawiwa abiria, muziki ukamezwa na mngurumo wa ndege. Akaanza kupiga hesabu hukohuko angani. Mwaka 1986 Dick Rutan na Jeana Yeager waliizunguka dunia kwa siku tisa bila kutua, katika ndege iliyoitwa Voyager, wakiwa na hedifoni za majaribio za kampuni ya Bose ili masikio yao yasiharibike. Marubani walianza kuuziwa mwaka 1989. Abiria wa kawaida walisubiri hadi mwaka 2000, na bei ilikuwa dola 299. Leo chipu zimekuwa rahisi, na maduka ya simu ya Kariakoo yanauza hedifoni za aina hiyo kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Asili hiyo ya ndegeni bado inaonekana katika tabia ya kifaa. Kilibuniwa kupambana na injini, na adui anayemmudu hasa ni yule anayenguruma chini, mfululizo, bila kubadilika. Katika basi la Dar es Salaam kwenda Mtwara, safari ambayo imekuwa nyepesi tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, injini hupungua hadi ikawa kama inatoka kijiji cha pili. Hapo naweza kufanya kazi bila kupandisha sauti hadi masikio yaume. Lakini mtoto akilia kiti cha nyuma, namsikia. Konda akimwita abiria wa Lindi, namsikia. Sauti ya mtu hupanda na kushuka, na mashine haiwahi kuikisia.

Msimbati nayo ina somo lake. Ni rasi ya mchanga karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, kando ya Ghuba ya Mnazi, na upepo wa kusi ukiamka ufukweni hedifoni za bei nafuu hushindwa kabisa. Upepo hupiga moja kwa moja kwenye maikrofoni, na kifaa kinachotakiwa kuleta utulivu huanza chenyewe kuvuma. Huko nazivua.

Hapo ndipo gesi asilia iligunduliwa mwaka 1982. Ilikaa ardhini zaidi ya miaka ishirini. Ilipofika 2007 ilikuwa ikiwasha taa za Mtwara mjini. Kisha ukaja mpango wa bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Januari na Mei 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kuupinga. Walitaka kujua viwanda na ajira vilivyoahidiwa vitajengwa wapi ikiwa gesi inaondoka. Watu walikufa, nyumba zikachomwa, jeshi likapelekwa. Bomba lilikamilika mwaka 2015.

Waliokuwa mbali waliziita kelele. Neno hilo linanisumbua, kwa sababu nimejua jinsi kelele inavyopatikana. Mashine haiulizi nani anasema wala ana haki gani. Huangalia kitu kimoja tu: je, hili linajirudia? Likijirudia vya kutosha, hulifuta. Binadamu naye hana tofauti kubwa. Lalamiko likisemwa mara moja ni habari. Likisemwa miaka kumi, kwa maneno yaleyale, linakuwa mlango. Na anayelizoea kwanza ni mwenye nyumba, ambaye ndiye angeweza kutia mafuta bawaba.

Katika rekodi za Msimbati, wazee wengi husema jambo moja: gesi ilitoka kwetu, tumebaki na nini? Mmoja huanza na mashine za kuchimba alizoziona zikifika, mwingine huanza na shamba, mwingine na mtoto wake aliyekwenda kutafuta kazi Dar. Mwishoni wote hufika kwenye swali lilelile. Baada ya saa tano za kusikiliza, mkono hutamani kuandika “kama hapo juu” na kuendelea.

Injini ya basi haina tunachoidai, na kuizima ni haki ya kila msafiri. Swali la wazee halijajibiwa, na ndiyo maana linarudi. Hedifoni zinanisaidia kulisikia vizuri. Kuendelea kulisikia ni kazi yangu mwenyewe. Mzee akiuliza mara nne katika dakika kumi, naandika mara nne, na kila mara naweka alama ya kuuliza.