Kugombania baiti 512: historia fupi ya mifumo miwili kwenye kompyuta moja

Wengi wetu tuna laptopu moja tu. Tasnifu, data za utafiti na picha za familia, vyote vimo humohumo. Halafu siku moja unagundua kwamba programu ya uchambuzi unayoihitaji inaenda vizuri zaidi kwenye Linux, na wewe una Windows. Njia inayotumika sana ni kuweka mifumo endeshi yote miwili, kisha kuchagua mmoja kila unapowasha. Ukimuuliza fundi, atakupa masharti: chukua bekapu, piga Windows kabla ya Linux, zima kabisa kabla ya kuhama. Yanasikika kama miiko ya wazee, fanya hivi na usiulize kwa nini. Kumbe kila sharti lina kisa chake, na ukikijua kisa huhitaji kukariri.

Tuanze Agosti 1981. IBM ilipotangaza kompyuta yake ya PC, ilitangaza pia mifumo endeshi mitatu ya kuchagua: PC DOS, CP/M-86 na UCSD p-System. Kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine kulikuwa rahisi kuliko leo. Unatoa flopi, unaingiza nyingine, unawasha upya. Kulikuwa salama pia, kwa sababu mfumo ambao flopi yake iko kwenye droo hauwezi kuharibiwa na ule unaofanya kazi.

Machi 1983 mambo yakabadilika. IBM ilitoa PC XT yenye diski kuu ya megabaiti 10 ndani yake. Sasa, ukitaka mifumo miwili, yote ingekaa kwenye diski moja isiyochomolewa. PC DOS 2.0 ikaja na suluhisho: diski igawanywe vyumba, yaani patisheni, na orodha ya vyumba iandikwe kwenye sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti 512. Hebu tuzihesabu jinsi zilivyozoeleka kugawanywa. Baiti 446 ni za programu ndogo ya kuwashia. Baiti 64 ni za orodha: mistari 4, kila mmoja baiti 16, ndiyo maana patisheni kuu hazikuzidi 4. Baiti 2 za mwisho ni alama kwamba sekta ni halali. Ukiwasha kompyuta, BIOS inaisoma sekta hiyo na kuitii, bila kujali nani kaiandika.

Hapo yalizaliwa matatizo mawili. La kwanza, vyumba ni vinne lakini mlango ni mmoja, na anayeandika wa mwisho ndiye anayeumiliki. La pili, patisheni si ukuta. Ni makubaliano tu. Mfumo uliowaka una mamlaka juu ya diski nzima, na ukikosea unaweza kuandika hata ndani ya chumba cha mwenzake aliyelala.

Tatizo la pili lilimpata mtu maarufu. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alikuwa akiitengeneza Linux kwenye kompyuta yenye mfumo wa Minix, na bado aliuhitaji Minix kwa kazi zake nyingi. Siku moja akataka kompyuta yake ipige simu kwa modemu. Amri ikaelekezwa kimakosa kwenye diski kuu, ikaandikwa juu ya patisheni ya Minix, na Minix ikaharibika. Badala ya kuiweka upya, akaamua kubaki na Linux peke yake. Yeye alikuwa na mfumo mwingine wa kukimbilia. Mwenye tasnifu kwenye patisheni ya namna hiyo, bila bekapu nje ya kompyuta, angelia.

Tatizo la kwanza liliwapata wengi zaidi. Kuanzia 1992 watumiaji wa Linux walikuwa na LILO, programu ya kuwashia iliyoandikwa na Werner Almesberger. LILO haikuelewa mafaili. Ilikariri tu namba za mahali ambapo kiini cha Linux kimelala kwenye diski. Ukibadilisha kiini ukasahau kuiendesha upya, asubuhi unaweza kukuta Linux haiwaki. GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, ilipunguza adha hiyo kwa kuweza kusoma mafaili yenyewe. Lakini hata GRUB haikuwa na kinga dhidi ya Windows, ambayo ilipopigwa iliandika programu yake kwenye mlango uleule. Data za Linux zilibaki salama, ila hakukuwa na wa kuziita. Aliyedhani zimefutika akapiga kila kitu upya ndiye aliyezifuta kwa mkono wake. Ndiyo sababu tunaambiwa Windows itangulie.

Ugomvi huo ulipungua ilipokuja UEFI, mrithi wa BIOS. Mzizi wake ni kazi ya Intel, na tangu 2005 unasimamiwa na umoja wa kampuni. Hapa kila mfumo una folda yake kwenye patisheni ndogo ya kuwashia, na mazabodi inatunza orodha yao. Mlango umekuwa na nafasi ya wote.

Lakini Windows 8, mwaka 2012, ilieneza mambo mawili mapya. Moja ni Secure Boot: kompyuta inakataa programu ya kuwashia isiyo na sahihi inayotambulika. Kwa kuwa kompyuta nyingi zinauzwa na funguo za Microsoft, Linux nyingi huingia kwa programu ndogo iliyosainiwa na Microsoft. Agosti 2024 sasisho la Windows lililolenga kuzuia programu za kuwashia zenye udhaifu liliifanya Linux igome kuwaka kwenye baadhi ya kompyuta za mifumo miwili, ingawa Microsoft ilikuwa imesema halitazigusa.

Jingine ni kuwaka haraka. Ukibonyeza kuzima, Windows haizimiki kabisa. Inahifadhi kumbukumbu ya kiini chake kwenye diski ili kesho iendelee ilipoishia. Sasa fikiria umeingia Linux ukaandika faili kwenye patisheni ya Windows. Windows ikiamka na kumbukumbu ya jana, mafaili yanaweza kuharibika. Kwa hiyo zima kipengele hicho, au tumia kuwasha upya badala ya kuzima.

Hata ile saa inayokosea baada ya kuhama ina historia. Windows ilirithi desturi ya DOS ya kuweka saa ya eneo kwenye mazabodi, wakati Linux ilifuata Unix na saa ya dunia. Ndiyo maana Afrika Mashariki tofauti huwa ni saa 3 kamili.

Miaka zaidi ya 40 baadaye, njia salama zaidi inafanana na ile ya flopi: kila mfumo na diski yake. Kama laptopu yako ina nafasi ya diski ya pili, itumie. Kama haina, weka tasnifu yako mahali pengine nje ya hiyo laptopu, andika pembeni ufunguo wa kufungulia diski kama Windows yako imeifunga kwa BitLocker, ndipo uanze kugawa vyumba.