Utimizaji: deni la mkono baada ya jibu kupatikana

"Mjomba, jibu ninalo, mkono ndio unanigomea." Mpwa wangu alikuwa amekwama kwenye hatua moja ya Portal, mchezo wa kompyuta wa Valve wa mwaka 2007, ambamo anayeingia lango moja hutokea la pili. Alishaelewa kwamba afungue lango moja sakafuni na la pili juu ukutani, kisha ajirushe kutoka juu ili kasi ya kuanguka imtupe ng'ambo ya pili. Kila akijirusha anatua pembeni mwa lango. Baada ya kushindwa mara kadhaa akaanza kulitilia shaka jibu lenyewe, akaliacha, akaenda kutafuta jingine ambalo halikuwapo.

Neno la kwanza linalokuja mdomoni kwa kilichomkwamisha ni utekelezaji. Silitaki hapa. Kwenye kompyuta limeshashika maana ya mashine kufuata maagizo ya programu. Ukisema utekelezaji wa hatua ya tano una kasoro, msikilizaji hajui kama unamsema mwandishi wa programu au mchezaji. Ulengaji nao ni finyu, kwa kuwa mara nyingine hakuna shabaha yoyote, kuna kubonyeza kwa wakati wake tu. Napendekeza utimizaji: kile ambacho hatua inaendelea kumdai mchezaji baada ya kulijua jibu. Mwenzake ni ufumbuzi, neno lililozaliwa nyumba moja na fumbo. Changamoto ya akili nimeiweka kando, maana changamoto sasa hubeba kila shida, ya maji na ya foleni za magari, na makali yake yamekwisha.

Tofauti hii tunaijua tangu utotoni. Bao la mashimo 32 na kete 64 ni ufumbuzi mtupu: mkono wa mzee ukitetemeka haumpunguzii ushindi. Kwenye mdako hakuna asiyejua la kufanya. Rusha jiwe, zoa yaliyo shimoni, daka kabla halijaanguka. Anayeshindwa ameshindwa na mkono.

Michezo ya skrini imetawanyika kati ya ncha hizo. Sokoban, ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni kusukuma masanduku ghalani bila saa wala adui, kama bao. Tetris ya Alexey Pajitnov, iliyobuniwa Moscow mwaka 1984, huanza na nafasi ya kufikiri, lakini kasi inavyopanda utimizaji unaumeza ufumbuzi mpaka unajikuta uko kwenye mdako.

Kinachoniuma ni hatua ya fumbo inayodai mkono kupita kiasi, kwa sababu humdanganya mchezaji. Jibu sahihi likitimizwa vibaya huonekana sawasawa na jibu baya, na mwenye akili ndiye huliacha mapema, maana anafuata ushahidi ulio mbele yake. Mbunifu akitaka kujua kama amezidisha, amtazame mchezaji anaposhindwa: anarudia jambo lile lile kwa uangalifu zaidi, au anabadili wazo?

Dawa zipo. Panua ukingo wa kutua. Punguza mwendo wa mashine. Portal 2 ya mwaka 2011 ina chaguo la kumvuta anayeanguka kuelekea katikati ya lango. Jonathan Blow, kwenye Braid ya mwaka 2008, alimpa mchezaji uwezo wa kurudisha wakati nyuma bila kikomo, hivyo kuruka vibaya hakumgharimu kitu. Na uwezo huo huo ndio alioutumia kutengenezea mafumbo yenyewe. Kwangu hilo ndilo suluhisho zuri kuliko yote niliyoyaona.

Hata hivyo sipendi utimizaji ufutwe wote. Mpwa wangu alipopita hatimaye, alipiga kelele akiwa bado hewani, kabla hajatua. Jibu lilikuwa kichwani mwake kwa muda mrefu, lakini furaha ilimjia alipousikia mwili ukiruka.