TEKNOLOJIA: Hatari ya rekodi moja kubadilisha nyingine katika Java

JAVA, lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyozinduliwa na kampuni ya Sun Microsystems mnamo 1995, hutumiwa sana na benki na mashirika makubwa.

Tangu 2006, lugha hiyo imekuwa na kanuni rasmi za kuhifadhi data, Java Persistence API, ambazo sasa huitwa Jakarta Persistence.

Kanuni hizo humruhusu mtayarishaji wa programu kuweka kolibaki, yaani maagizo yanayojitekeleza rekodi inapofikia hatua fulani. Zipo saba. PrePersist hutekelezwa kabla ya rekodi mpya kuhifadhiwa, PreUpdate kabla ya mabadiliko kuandikwa, nayo PostLoad baada ya rekodi kusomwa kutoka kwa hifadhidata.

Kolibaki hufaa kwa kazi ndogo, mathani kuandika tarehe ya mabadiliko kwenye rekodi yenyewe.

Tatizo huzuka zinapotumiwa kubadilisha rekodi nyingine. Tuseme chama cha akiba na mikopo kina rekodi za wanachama na za michango. Mtayarishaji huenda akaagiza kupitia PreUpdate kwamba mchango unaporekebishwa, jumla ya akiba ya mwanachama ibadilike pia.

Hata hivyo, wakati huo mfumo huwa tayari unakagua rekodi zipi zimebadilika. Ikiwa ile ya mwanachama imeshapitwa, badiliko lake huenda lisiandikwe. Mchango utakuwa mpya ilhali akiba ingali ile ya zamani, na pengine ilani yoyote ya kosa isitolewe.

Ndiposa kanuni zenyewe huonya kuwa programu inayokusudiwa kutumika katika mifumo mbalimbali haifai kugusa rekodi nyingine, kubadilisha uhusiano baina yake, wala kutafuta data ndani ya kolibaki.

Njia salama ni kuweka kazi zote mbili mahali pamoja, ndani ya muamala mmoja: mchango urekebishwe, jumla ibadilishwe, kisha vyote vihifadhiwe kwa pamoja. Kosa likitokea, vyote hubatilishwa.

Aidha, yawezekana kutohifadhi jumla kabisa, bali kuihesabu kutokana na michango kila inapohitajika. Hapo hakuna rekodi ya pili ya kusahaulika.