Maumivu Yanayohama: Pedi ya Gemu na Mikono ya Mchezaji

Mwaka 1981 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapa barua fupi kuhusu kifundo cha mkono kilichouma kwa sababu ya Space Invaders, gemu iliyotoka Japani mwaka 1978 na kujaza kumbi za michezo dunia nzima. Mwaka 1990 jarida hilohilo likachapa barua nyingine. Safari hii mgonjwa alikuwa mwanamke wa miaka 35 aliyecheza Nintendo saa tano mfululizo bila kupumzika, na kilichomuuma kilikuwa kano ya kidole gumba cha kulia. Mwaka 2007 ikaja barua ya tatu, juu ya daktari mwanafunzi wa miaka 29 aliyeamka na bega linalouma baada ya kucheza tenisi ya Wii, mashine inayochezwa kwa kupunga mkono. Walioandika barua hizo walizipa hali hizo majina ya mzaha, na wengi waliozisoma walicheka wakasahau. Lakini ukizisoma kwa mfuatano unaona jambo ambalo barua mojamoja hailionyeshi: maumivu yanahama. Kwanza yalikuwa kwenye kifundo, yakaenda kwenye gumba, kisha yakapanda begani. Mwili wa binadamu haukubadilika katika miaka hiyo ishirini na sita. Kilichobadilika ni kifaa. Na kama kifaa ndicho kinachochagua mahali pa kuuma, basi anayetafuta pedi itakayoihurumia mikono yake hapati msaada mkubwa kwa kuuliza ipi ni laini au ipi ni nzuri. Swali lenye maana ni pedi hiyo inakitwisha mzigo kiungo kipi, na kama mzigo huo unaweza kuhamishwa.

Mtu makini atasema barua tatu za mgonjwa mmojammoja si takwimu, na atakuwa sahihi. Haziwezi kutuambia ni wachezaji wangapi waliumia. Hata hivyo, swali la mahali pa kuuma linajibika kwa kukiangalia kifaa chenyewe. Chukua fimbo ya Atari 2600, mashine iliyoingia sokoni mwaka 1977. Ilikuwa na kitako cha mraba kilichokamatwa kwa mkono wa kushoto, na juu yake fimbo nyeusi iliyosukumwa kwa mkono wa kulia. Pembeni palikuwa na kitufe kimoja chekundu kilichobonyezwa kwa gumba la kushoto. Gumba halikuwa na kazi kubwa. Nguvu ya kuisukuma fimbo huku na huko ilitoka kwenye kifundo na misuli iliyo chini ya kiwiko, na huko ndiko uchovu ulikojikusanya.

Kilichouhamishia mzigo huo kwenye gumba kilikuwa uamuzi wa mwaka 1982 ambao haukuhusu afya ya mkono hata kidogo. Gunpei Yokoi wa Nintendo alikuwa anatengeneza kigemu cha mfukoni cha Donkey Kong, katika mfululizo wa Game & Watch, kinachofunikwa na kufunuliwa kama pochi. Fimbo inayochomoza isingewezekana, kwa kuwa kifuniko kisingefunga. Akabuni kitufe bapa chenye umbo la msalaba, ambacho gumba la kushoto hukilaza upande linaoutaka. Ulikuwa ubunifu wa hali ya juu, na mwaka uliofuata Nintendo ikauweka kwenye pedi ya mashine yake ya Famicom: msalaba kushoto, vitufe viwili kulia, vyote juu ya kibati cha plastiki cha mstatili. Kuanzia hapo, kidole ambacho kwenye Atari kilikuwa kibarua wa kitufe kimoja kikawa ndiye mfanyakazi mkuu. Umbo lililozaliwa kwa haja ya kuingia mfukoni likageuka kuwa kanuni ya mashine zinazochezewa sebuleni, mahali ambapo hakuna aliyehitaji kufunga kifuniko chochote.

Kanuni ikishakaa, kila kizazi kiliongeza kazi juu ya vidole vilevile. Super Famicom ya mwaka 1990 ilikuwa na vitufe vinne kulia na viwili zaidi kwenye ukingo wa juu, ambavyo viliviingiza vidole vya shahada kazini. PlayStation ya mwaka 1994 ikafanya vya ukingoni kuwa vinne. DualShock ya mwaka 1997 ikaongeza vifimbo viwili vya kusukuma kwa gumba, navyo vyenyewe vikawa vinabonyezeka kwa chini kama vitufe. Hesabu hiyo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Gumba la kulia sasa linashika kifimbo cha kuelekeza macho ya mhusika, kisha linakiacha, linaruka kubonyeza kitufe cha kurukia, na kurudi mbio kabla adui hajatokea. Mwendo huo wa kutanuka na kukunjika unaanzia kwenye kiungo cha chini kabisa cha gumba, karibu na kifundo, ambako kano mbili hupita ndani ya ala nyembamba. Ala hiyo ikivimba, kila kunyanyua kidole ni maumivu. Akina mama wanaobeba watoto wachanga wanaijua hali hiyo vizuri. Na kwa mwenye baridi yabisi, kiungo hicho cha chini ya gumba ni miongoni mwa vinavyoanza kusumbua mapema.

Watengenezaji watajibu kwamba hawakukaa bure. Ni kweli. Teiyu Goto, aliyeichora pedi ya kwanza ya PlayStation, aliipa mikono miwili ya kushikia inayoteremka viganjani. Wakubwa wa Sony walitaka kitu bapa kinachofanana na cha Super Famicom, wakihofia wachezaji wangekikataa kigeni. Rais wa kampuni, Norio Ohga, ndiye aliyesimama upande wa mikono hiyo, na tangu hapo kampuni kubwa nyingi hazikurudi kwenye kibati cha pembe kali. Lakini angalia mikono hiyo ilitatua nini. Ilirahisisha kushika, viganja vikajaa, vidole vya pete na vya mwisho vikapata pa kujishikiza. Kubonyeza kulibaki palepale, kwa vidole vilevile, kwa kasi iliyokuwa ikipanda mwaka hadi mwaka.

Hata katika kushika, umbo moja halikutosha watu wote. Microsoft ilipoingia sokoni mwaka 2001 na Xbox, pedi yake ilikuwa kubwa mno hivi kwamba ilipewa jina la utani la Duke. Kwa soko la Japani kampuni ilitengeneza ndogo zaidi, na haikupita muda ndogo hiyo ikawa ya kawaida hata Marekani. Ungedhani kisa kimeishia hapo, kwamba kubwa ilikuwa kosa na ndogo ndiyo sahihi. Lakini mwaka 2018 kampuni ya Hyperkin iliirudisha Duke sokoni kwa kuwa walikuwapo walioilipia tena kwa hiari. Wengine walikuwa na kumbukumbu za utotoni tu, sikatai. Wengine walikuwa na mikono mikubwa, na pedi ndogo iliwakunja vidole kama makucha.

Pingamizi zito zaidi ni lile ambalo kila mzazi analo mdomoni: watu wanacheza kupita kiasi, waache gemu wapumzike. Yule mwanamke wa saa tano ni shahidi mzuri wa upande huu, na hakuna daktari atakayepinga kwamba kupumzika ndiyo dawa ya kwanza. Tatizo ni kwamba maelezo haya hayaelezi chochote kuhusu Mario Party. Gemu hiyo ya Nintendo 64 ilitoka Japani Desemba 1998 na Marekani mapema 1999. Ilikuwa na michezo midogomidogo ya muda mfupi, na kadhaa kati yake ilimtaka mchezaji azungushe kifimbo cha pedi kwa kasi kuliko wenzake. Gumba haliwezi kasi ile. Watoto wakagundua haraka kwamba ukikiweka kichwa cha kifimbo katikati ya kiganja na kukisaga kama unayetwanga, unashinda. Kifimbo cha Nintendo 64 kilikuwa chembamba, cha plastiki ngumu, na juu yake palikuwa na duara zilizochorwa ili kidole kisiteleze. Duara hizo zilizokusudiwa ngozi ya gumba ziligeuka tupa kwenye ngozi laini ya kiganja. Yakatoka malengelenge na majeraha. Malalamiko yakafika kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, na Machi 2000 Nintendo ikakubali kutoa glovu, hadi nne kwa kila kaya yenye gemu hiyo, pamoja na dola 75,000 za gharama za jimbo.

Glovu! Kampuni iliyoubuni msalaba wa Yokoi ilijikuta inawavisha watoto glovu ili wacheze gemu yake. Hapa hakukuwa na suala la saa tano mfululizo; mchezo wenyewe uliomba mwendo ambao kifaa hakikuundwa kuubeba, na kiganja kikalipa. Nintendo yenyewe ililielewa hilo. Gemu hiyo iliporudishwa mwaka 2022 kwa wanachama wa huduma ya mashine ya Switch, ilikuja na onyo kwamba mchezaji asizungushe kifimbo kwa kiganja. Kupumzika kunapunguza dozi, lakini hakubadilishi ni kiungo gani kinachopewa dozi hiyo.

Kwa bahati kuna historia ya pili, iliyokwenda sambamba na hii bila kelele, ya watu walioanza na mwili badala ya kuanza na kibati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mhandisi mmoja wa Marekani, Ken Yankelevitz, alianza kutengeneza kwa mikono yake vidhibiti vya gemu vya kutumia mdomo kwa ajili ya watu waliopooza, kazi aliyoendelea nayo hadi uzeeni. Mwaka 1989 Nintendo nayo ilitoa kifaa kilichovaliwa kifuani: kidevu kilisukuma fimbo, na vitufe vilibonyezwa kwa kunyonya au kupuliza mrija. Ina maana wakati yule daktari anaandika barua ya 1990, kampuni ilikwisha thibitisha kwamba gumba si lazima kabisa. Ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni imani kwamba soko lipo, na kwa karibu miaka thelathini pengo hilo lilizibwa na mafundi wa gereji na mashirika ya hisani kama AbleGamers la Marekani na SpecialEffect la Uingereza.

Mwaka 2018 Microsoft ikauza kifaa kiitwacho Xbox Adaptive Controller kwa takribani dola 100. Kiangalie kwa karibu. Kwa mbele ni ubao mweupe wenye vitufe viwili vikubwa vyeusi, kila kimoja kama kisahani, vinavyoweza kubonyezwa kwa kiwiko au kwa ngumi. Kinachonivutia zaidi ni mgongo wake: safu ya matundu 19 ya kuchomekea, yenye ukubwa wa tundu la spika za masikioni, na kila tundu lina jina la kitufe kimoja cha pedi ya kawaida. Unachomeka swichi yoyote ya nje na kuiweka popote, mezani, pajani au chini ya mguu. Pedi imefumuliwa vipandevipande na kila kipande kimepewa uhuru wa kukaa kwenye kiungo chenye nafasi. Sony ilifuata mkondo huo Desemba 2023 kwa kifaa cha mviringo kilichoitwa Access.

Hapa mtu mwenye vidole vinavyouma atasema: mimi si mlemavu, vifaa hivi havinihusu, tena ni ghali. La bei nalikubali bila ubishi. Dola 100 zilikuwa za ubao mtupu. Swichi zinanunuliwa kando, moja moja, na kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa kuna usafiri na ushuru juu yake. Katika vibanda vya gemu vya mitaani, ambako pedi zimesuguliwa na mamia ya mikono hadi vifimbo vimelegea na vitufe vinataka nguvu ndipo viitike, mazungumzo ya matundu 19 ni anasa. La kutohusika silikubali. Wazo la kuuhamisha mzigo limeshashuka hadi kwenye vifaa vya kawaida. Tangu mwaka 2015 PlayStation 4 inamruhusu mchezaji abadilishe kazi za vitufe kwenye mipangilio, bila kulipa chochote, na Switch ikaongeza hilo mwaka 2020. Tangu 2017 Xbox inakubali pedi mbili zifanye kazi kama moja, hivyo mtu wa pili anaweza kubeba nusu ya kazi. Pedi za Switch za mwaka huohuo, ziitwazo Joy-Con, zinatengana, kila mkono ukapumzika pembeni mwa mwili badala ya kubanana kifuani. Na mwaka 2022 kampuni ya 8BitDo ilitoa Lite SE, pedi bapa ambayo vitufe vyote, hata vile vya nyuma, vimewekwa juu na vinaitika kwa mguso mwepesi. Unailaza mezani bila kuibeba. Bei yake ilikuwa chini ya dola 40. Hiyo ya mwisho inanishawishi kwamba gharama haikuwa kikwazo kikuu katika miaka yote ile.

Sehemu iliyobaki ngumu haiko kwenye plastiki. Vifaa hivi vyote, hata vile vya matundu na visahani, mwishowe vinatafsiri kila mguso kuwa kitufe kilekile ambacho mwandishi wa gemu alikitarajia, kwenye mpangilio ambao kimsingi ni wa 1997. Gemu ikidai kitufe kibonyezwe mara kumi kwa sekunde mbili, swichi ya dola 100 itauma sawasawa na ya dola 10, ila itauma kwingine. Ndiyo maana gemu ya The Last of Us Part II ya mwaka 2020 ina uzito katika historia hii. Miongoni mwa mipangilio yake zaidi ya 60 ya kurahisisha uchezaji, upo wa kugeuza kubonyeza kwa kurudiarudia kuwe kushikilia kitufe mara moja. Kabla ya kutoa pesa kwa pedi mpya, mwenye gumba linalouma angefungua kwanza mipangilio ya gemu anayoipenda aone kama mwandishi wake alifikiria jambo hilo. Zipo nyingi ambazo hadi leo hazikufikiria.