Jagr, yule mzee wa jezi 68

Wasee, mnamjua Jaromír Jagr? Mcheki, hoki ya barafu. Jezi 68 ni ya mwaka 1968: vifaru vya Usovieti viliingia nchini kwao, na babu yake akafariki mwaka huo huo.

Aliingia NHL 1990 akiwa na miaka 18. 2008 akaenda Urusi misimu mitatu, na magoli ya huko NHL haihesabu hata moja. Hapo ndipo mimi huumia. Alirudi akiwa 39, umri ambao wengi washastaafu. Desemba 2016, miaka 44, akampita Mark Messier: pointi 1,888, magoli na pasi za magoli pamoja. Mbele yake akabaki Wayne Gretzky tu, 2,857, na huyo wacha tumwache. Jagr aliondoka NHL na 1,921, akarudi kwao Kladno kuchezea klabu aliyoimiliki mwenyewe, hadi akapitisha miaka 50.