Kutoka Jina hadi Kipimo: Uma wa Baiskeli na Historia ya Uoanifu wa Vipuri katika Eneo la Posta na Kariakoo

Insha hii inachunguza jinsi swali la kila siku la fundi baiskeli, yaani kama kipuri kitaingia au hakitaingia, lilivyobadilika katika eneo la Posta na Kariakoo tangu enzi ya ukoloni. Mfano unaotumika ni uma wa mbele, kipuri kinachobeba gurudumu na kuliunganisha na usukani. Hoja kuu ni kwamba uoanifu wa vipuri haukuwa sifa ya chuma peke yake, bali ni zao la mahusiano ya biashara na siasa. Mahusiano hayo yalipobadilika, jina la baiskeli halikutosha tena kumwongoza fundi; alihitaji kipimo.

Wakati wa utawala wa Waingereza, Raleigh ya Nottingham ilikuwa miongoni mwa baiskeli zilizojulikana sana Tanganyika. Baada ya uhuru zilienea Phoenix ya Shanghai na baiskeli za India, kisha Swala, iliyounganishwa nchini na kampuni ya umma ya NABICO. Bidhaa za China ziliongezeka wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, kwa kuwa sehemu ya gharama za ndani za mradi ililipwa kwa mauzo ya bidhaa hizo. Kisiasa, baiskeli hizi zilitoka katika pande tofauti za dunia. Mbele ya fundi zilikuwa ukoo mmoja. China na India zilifuata umbo la baiskeli ya Kiingereza: rimu ya inchi 28 yenye kipenyo cha milimita 635, na uma mgumu ambao shina lake, yaani bomba linaloingia kichwani mwa fremu, lilikuwa la inchi 1 na lenye hesi.

Hata hivyo, ukoo huo haukukosa tofauti. Raleigh ilikata hesi 26 kwa kila inchi, ilhali watengenezaji wengine wengi wa Uingereza walikata 24. Kwa hiyo kutaja jina la baiskeli dukani kulikuwa njia fupi ya kutaja vipimo vyake vyote.

Njia hiyo fupi ilianza kupotea baada ya 1984, Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na hasa katika kipindi cha Rais Ali Hassan Mwinyi. Pamoja na nguo za mitumba ziliingia baiskeli zilizotumika Ulaya na Japani. Tofauti zake nyingine hazionekani kwa jicho. Katika mashina ya inchi 1, kikalio cha gololi juu ya uma wa kipimo cha kimataifa ni milimita 26.4, cha kipimo cha Kijapani ni milimita 27.0. Tofauti ya milimita 0.6 inatosha kuifanya bangili ya gololi ikatae kuingia, au iingie na kucheza.

Baiskeli ya milimani ilizidisha tatizo. Uma wa shokapu wa RockShox ulioingia sokoni 1989 ulifungua mlango wa mabadiliko ya haraka. Shina la inchi 1 lilipisha la inchi 1 na moja ya nane, yaani milimita 28.6, lisilo na hesi. Baadaye likaja shina linalotanuka chini hadi inchi 1 na nusu, ambalo kichwa chembamba cha fremu ya zamani hakiwezi kulipokea. Rimu ya milimita 559 ilifuatwa na za 622 na 584. Ekseli ya milimita 9 ilipata wapinzani wa milimita 15, kwanza kwa upana wa 100, kisha 110. Uma mwingi wa sasa hauna vishikizo vya breki za rimu, hivyo anayebadili uma huweza kujikuta akinunua pia gurudumu na breki ya diski.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachosahaulika kwa urahisi: urefu kutoka ekseli hadi taji la uma. Uma unaozidi ule wa awali kwa takribani milimita 20 hulaza pembe ya usukani kwa karibu digrii 1, na huongeza nguvu inayovuta maungio ya kichwa cha fremu. Hapa kosa halionekani siku ya kufunga. Uma umeingia, nati zimekaza, mteja ameondoka. Ufa huweza kujitokeza baadaye, barabarani, na anayeumia ni mpandaji.

Kwa hiyo anayetaka kuboresha uma hana budi kupima shina, kichwa cha fremu, rimu, ekseli, aina ya breki na urefu kabla ya kuuliza bei. Kwa mwanahistoria, orodha hiyo ni kumbukumbu kamili kama jalada lolote. Kila kipimo kinaeleza nani aliuza, nani aliruhusu na mzigo ulitoka bandari gani. Uchumi ulipofunguliwa, mnunuzi wa Kariakoo alipata chaguo pana zaidi. Lakini kazi ya kuhakikisha usalama, ambayo awali ilibebwa na umbo moja lililoshirikiwa na viwanda vingi, ilihamia mikononi mwa fundi na rula yake.